Sikio Lililokataa Kufa

Umma wote wa Moshi mjini, Kirua Vunjo na vitongoji vyake unatangaziwa kwamba mimi, Lucky Mathew, mwanafunzi wa kidato cha tano na kiranja mstaafu wa chakula, nimebuni na kutengeneza kwa mikono yangu kipuri cha baiskeli kilicho imara kuliko vyote vilivyowahi kutoka katika miteremko ya Kilimanjaro. Kipuri hiki hakijapinda. Hakina ufa. Rangi yake imebanduka kidogo tu pembeni. Mnaombwa kupiga makofi.

Sasa shusheni mikono. Kipuri hicho kilikaa kazini siku kumi na tisa, na ni kweli kwamba hakikuvunjika. Kilichovunjika ni kila kitu kilichokuwa karibu nacho. Na ukiranja sikustaafu, nilistaafishwa.

Nitaeleza kwa utaratibu, kama mwalimu wetu wa nidhamu anavyotaka tukiandika maelezo: nani, wapi, lini, na ulikuwa unafikiria nini. Nimeandika maelezo mengi ya namna hiyo tangu kidato cha kwanza, na hata mwalimu hukiri kwamba mwandiko wangu ni mzuri. Swali la mwisho ndilo hunishinda.

Nani: mjomba wangu Aminieli, kaka yake mama. Alifanya kazi miaka ishirini kwenye karakana ya kiwanda cha sukari kule bondeni, halafu akafungua karakana yake Pasua, mtaa wa Moshi mjini, chumba kimoja chenye mlango wa bati. Mwanzoni alichonga vipuri vya mashine za kusaga. Kisha zikaja baiskeli za mlimani. Kampuni za watalii zilizinunua zikiwa zimetumika, zikafika kwenye makontena, kila moja imetoka kiwanda chake, na kila kiwanda kina mambo yake. Zilipoharibika, kipuri cha hapa hakikuingia, na cha Ulaya kilichukua miezi miwili kufika au hakikuwepo kabisa. Ndipo watu wakaanza kuuliza karakana ya Meku Aminieli, yaani Mzee Aminieli, iko wapi.

Kipuri alichotengeneza zaidi tulikiita sikio. Kwa asiyejua baiskeli hizo, nyuma kabisa, pale gurudumu linapokaa kwenye fremu, pamefungwa kwa skrubu mbili kipande kidogo cha alumini, urefu wa kidole gumba. Kipande hicho ndicho kinachobeba kile kifaa cha kubadili gia. Kila fremu ina sikio la umbo lake. Mjomba hakuwa na mchoro wa hata moja. Aliweka kipande cha boksi kwenye fremu, akachora kwa penseli, akakata, akajaribu, akapunguza, akajaribu tena, mpaka boksi likakaa kama limezaliwa pale. Hapo ndipo aliposhika msumeno, kisha drili, kisha tupa. Tupa ilichukua siku nzima. Alikuwa akipiga tupa huku akiimba besi ya kwaya ya usharika, na kama wimbo una beti sita basi sikio nalo lilikuwa na beti sita.

Jambo la ajabu kuhusu sikio ni kwamba limeumbwa ili life. Fimbo au jiwe likiingia kwenye gia, kitu fulani lazima kikubali kuvunjika, na mjomba alitaka kiwe hicho, siyo fremu wala mtu. Wahenga wanalaumu sikio la kufa kwamba halisikii dawa. Mjomba alilichonga hivyo kwa makusudi na kuliheshimu. Alinieleza siku ya kwanza nilipoingia karakana.

"Ni fyuzi, Lucky. Mtu akiweka msumari badala ya fyuzi, taa zinawaka vizuri sana. Zinawaka, zinawaka, mpaka na nyumba inawaka."

Nilicheka sana. Nilikichukua kichekesho nikaenda nacho bwenini, nikakisimulia. Mengine niliyaacha palepale sakafuni pamoja na vumbi la tupa.

Kwa kuwa sikio lazima life, lakini lisife mapema, mjomba alikuwa na utaratibu ambao sijauona kwa fundi mwingine. Kila sikio alilikatia pacha. Bamba lile lile, unene ule ule, siku ile ile. Pacha alibanwa kwenye jiriwa, akafungwa mkono wa chuma, na kwenye mkono ikaning'inizwa ndoo. Mjomba alimimina mchanga kopo kwa kopo akihesabu kwa sauti. Pacha akivunjika kabla ya kopo la kumi, ni laini mno. Akifika la kumi na tatu bado amesimama, ni mgumu mno, na wote wawili walitupwa. Akivunjika katikati, mjomba alimwokota, akamgonga namba, akamtia kwenye mkebe wa kahawa, kisha akamgonga ndugu yake namba hiyo hiyo na herufi A. Sikio lisilo na A halikutoka mlangoni.

Kulikuwa pia na sumaku. Ilitoka kwenye spika kubwa iliyokufa ya kanisani, nzito kama jiwe la kusagia, imefungwa kamba. Jioni mjomba aliipitisha juu ya vumbi la meza. Vumbi la chuma liliirukia, la alumini lilibaki limelala. Ndivyo alivyoyatenganisha kabla ya kuyauza kwa watu wa vyuma chakavu. Naomba msomaji aikumbuke sumaku hii. Mimi niliisahau.

Sasa Ebenezeri.

Ebenezeri alikuwa mtoto wa kwanza wa mjomba. Aliwaongoza watalii kwa baiskeli, kutoka Kirua kushuka kwenye vihamba, yale mashamba ya nyumbani ya migomba na kahawa, na kando ya mifereji mpaka Kahe, kwenye joto. Baiskeli yake ilikuwa ya kijani, aliachiwa na mgeni mmoja, na kiwanda chake kilishafungwa. Alikuwa na miaka ishirini na sita. Jumatatu alilalamika kichwa. Alhamisi tulikuwa tunachimba udongo kihambani, kati ya migomba na masale, kumwandalia mahali. Ni mwaka na nusu sasa. Watu wote bado wanamwita mke wa mjomba Mama Ebenezeri, na yeye bado anaitika.

Mjomba hakulia mbele ya watu. Matanga yalipoanuliwa aliibeba ile baiskeli ya kijani akaenda nayo Pasua, akaanza kuichongea masikio. Alichonga mengi kuliko baiskeli moja inavyoweza kutumia maishani. Aika, mdogo wake Ebenezeri, ndiye aliyeipanda, na ndiye aliyerithi kazi ya watalii. Mwaka huu alikuwa amejiandikisha kwenye mashindano ya mwezi wa nane. Hakuwa anaongea sana kuhusu jambo hilo, ila alibandika kwenye usukani namba ambayo kaka yake aliwahi kushindana nayo.

Aika alivunja masikio. Njia za Kirua zina mizizi ya mikahawa na mawe, naye anashuka kama anayefukuzwa. Kila lilipovunjika alirudi kwa miguu akisukuma, mjomba akalipokea lile sikio kama mtu anayepokea barua, akaligeuza kwenye mwanga, akalitia kwenye mkebe.

"Limekufa vizuri," alisema.

"Baba, siku ya mashindano likifa vizuri, na mimi nitakuwa wa mwisho vizuri."

"Utakuwa wa mwisho na fremu mkononi. Fremu hii nitaitoa wapi nyingine?"

Mimi nilikuwepo nikila ndizi. Nilisikia sehemu ya Aika tu.

Inabidi pia nieleze kuhusu jani, ingawa hapa najidhalilisha. Kwetu, mtu aliyekosa huchuma isale, jani moja la yale masale marefu yanayopandwa mipakani na makaburini, akampelekea aliyemkosea. Anayepelekewa hawezi kukataa kusamehe. Ebenezeri ndiye aliyenifundisha nilipokuwa darasa la nne. Chuma moja zuri, alisema, mpe kwa mikono miwili, usiseme sana. Kwa kijana mwenye vipaji kama vyangu ilikuwa sawa na kukabidhiwa funguo za benki. Niliweka chumvi kwenye chai ya wazee wa kanisa, isale. Nilimvika mbuzi wa jirani koti la mjomba, isale. Nilipaka gundi kwenye kofia, isale. Mjomba alipokea yote kwa mikono miwili.

Kilele kilikuwa miaka mitatu iliyopita. Nilimpigia simu mjomba kwa sauti nzito, nikajifanya mkurugenzi wa kiwanda cha baiskeli cha Ujerumani anayetaka kuja kuagiza masikio elfu nne. Mjomba alivaa suti yake ya ndoa. Mama Ebenezeri alipika kiburu cha ndizi na maharage akakibeba kwenye hotpoti mpaka Pasua. Walikaa mlangoni pa karakana tangu asubuhi hadi saa tisa, suti imefungwa vifungo vyote, wakitazama barabara. Nilikuwa nimejificha nyuma ya duka la jirani nikisubiri kucheka. Nilisubiri sana.

Jioni nilipeleka jani. Mjomba alilipokea, akaliweka mezani, akalinyoosha.

"Lucky," alisema, "jani hili ni la kubebea mizigo mizito. Wewe unalibebea maganda ya ndizi kila siku. Siku utakapokuwa na mzigo, litakatika."

Nilisema nimeelewa. Mwaka huo nilikuwa na miaka kumi na nne, na nilikuwa nimeelewa mambo mengi sana kwa namna hiyo.

Lini: mwezi wa sita mwaka huu, likizo. Mama yangu anafanya kazi Dodoma, kwa hiyo likizo zangu ni za Kirua. Wiki ya kwanza mjomba alikwenda Marangu kwenye msiba, siku nne, akaniachia funguo za karakana. Kwenye rafu palikuwa na sikio namba arobaini na saba kwa hesabu ya mwaka huu, limekamilika, lina A, likimsubiri Aika.

Nikapata wazo. Fundi mzee anachonga vitu vinavyovunjika, na mpwa wake, anayesoma fizikia, anachonga kimoja kisichovunjika. Nilichukua kipande cha bapa la chuma kilichobaki kwenye nondo za madirisha ya mtu, nikalaza sikio la mjomba juu yake, nikachora, nikakata. Nilipiga tupa siku nne mpaka malengelenge yakapasuka. Nilitoboa matundu mawili ya skrubu, na kwa kweli yalikaa sawasawa, nasema hivi bila majivuno. Nikapaka rangi ya fedha. Nikafungua droo ya mjomba, nikatoa mihuri, nikagonga 47, nikagonga A.

Sikio halisi nililifunga kwenye soksi nikaliweka kwenye sanduku langu la shule.

Mpango wangu ulikuwa safi. Aika angeshinda mwezi wa nane bila kusukuma baiskeli hata siku moja. Mjomba angejiuliza masikio yamekwenda wapi, mbona hakuna linalorudi. Kisha, mbele ya familia nzima na chakula kikiwa mezani, mimi ningesimama nisome hotuba. Niliiandika kabisa, kwenye daftari la kemia. Inaanza hivi: Umma wote wa Moshi mjini, Kirua Vunjo na vitongoji vyake unatangaziwa.

Aika alilifunga mwenyewe. Wiki ya kwanza alifurahi, ya pili alishangaa. Alisema baba safari hii ametoa kitu cha maana. Mjomba alijibu kwamba ni lile lile, ila labda Aika ameanza kuendesha kwa akili. Walicheka. Nilicheka nao, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba kumsikia mjomba akicheka mpaka akakohoa.

Siku ya kumi na tisa ilikuwa Jumamosi, asubuhi yenye ukungu. Aika alishuka kwenye njia ya mfereji, mimi nikimfuata kwa mbali na baiskeli ya jirani isiyo na breki za kuaminika, nikiwa mshika saa rasmi. Pale njia inapokata kwenye mikahawa kuna kona. Nilisikia mlio kabla sijafika, mlio kama mlango wa bati unaong'olewa.

Tawi la mkahawa lilikuwa limeingia kwenye gia. Sikio la mjomba lingekatika hapo, tik, Aika angeapa kidogo, tungesukuma. Sikio langu halikukubali. Lilishika tawi, likavuta gia yote ndani ya spoku, gurudumu likagoma, na kwa kuwa lenyewe halikutaka kuvunjika, liling'oa mkia wa fremu likiwa bado limeushikilia. Aika alirushwa juu ya mfereji. Nilitupa baiskeli ya jirani nikamkimbilia. Alikuwa amekaa kwenye majani, bega moja limeshuka kuliko jingine, uso una rangi ya majivu. Alisema tu, "Fremu. Angalia fremu ya kaka."

Wanawake waliokuwa wanachuma majani ya ng'ombe walikuja wakamfunga mkono kwa kanga. Alipelekwa hospitali ya Mawenzi. Mtulinga ulikuwa umevunjika mahali pawili, na daktari akasema mashindano asiyafikirie mwaka huu, na bega asilitarajie kuwa kama zamani.

Fremu niliileta mimi nyumbani. Mama Ebenezeri aliipokea mlangoni. Aliifuta tope kwa kitambaa, akaiingiza sebuleni, akaiegemeza kwenye kiti alichokuwa anakalia Ebenezeri, na tangu hapo kila asubuhi baada ya kukamua ng'ombe aliifuta tena, ingawa haikuwa imechafuka.

Mjomba aliipeleka kwa wachomeleaji wote wanaoheshimika mjini. Wote walisema wanaweza kuiunganisha, na wote, alipowatazama machoni, waliongeza kwamba haitafaa kupandwa. Alumini ya namna ile ikishapata moto bila kupikwa upya kiwandani hurudi laini kama mgomba. Mjomba alikuwa anajua tangu mwanzo. Nadhani alitaka kusikia mtu mwingine akikosea.

Kisha akatafuta sikio. Alitaka kuliona, lilikataaje kuvunjika. Alikwenda kwenye kona ile ya mfereji, akapekua majani kwa mikono siku mbili, akiwa amepiga magoti. Nilikwenda kumsaidia. Naandika tena ili nisijifiche: nilipiga magoti kando yake, nikapekua majani, nikitafuta kitu kilichokuwa kwenye mfuko wangu wa suruali.

Hakulipata. Akarudi Pasua, akamwaga mkebe wa kahawa mezani, akampata pacha wa arobaini na saba. Pacha alikuwa amevunjika kopo la kumi na moja, safi kabisa, kama inavyotakiwa. Mjomba alimgeuza kiganjani. Kama pacha amekufa vizuri na ndugu yake amekataa kufa, basi mapacha hawasemi ukweli. Na kama hawasemi ukweli, hajui chochote kuhusu masikio yote mia tatu na kitu aliyoyatoa mlangoni, ambayo sasa hivi watu wanashuka nayo mlima. Alinieleza hayo kwa sauti ya kawaida, kama anayesoma matangazo ya usharika. Wiki ile aliwapigia simu wateja mmoja mmoja akiwaomba wayarudishe. Walipomuuliza kuna nini, alisema, "Mkono wangu umeniacha."

Aliacha kuimba pia. Jumapili alikaa viti vya nyuma pamoja na wasio na sauti.

Ningeweza kusema wakati huo. Nilikuwa na siku, nilikuwa na sababu, na kihamba kizima kilikuwa kimejaa masale. Mara mbili nilichuma jani. Mara ya kwanza nilifika nalo mpaka mlangoni, nikaliona mkononi mwangu, nikakumbuka mbuzi aliyevaa koti. Nikalitupa kwa ng'ombe. Mara ya pili sikufika hata mlangoni.

Jumapili ya mwisho kabla sijarudi shule, mjomba alileta vifaa vya karakana nyumbani kwenye magunia. Alivipanga uani juu ya turubai, karibu na masale ya Ebenezeri. Alikuwa amerudisha chumba cha Pasua kwa mwenye nyumba. Alisema chuma kisichotumika kinashika kutu, ni afadhali kigawanywe. Jiriwa ingekwenda kwa Filemon, fundi wa jirani. Drili ingekwenda kanisani, kwa vijana wanaojifunza ufundi. Aika alikuwa amekaa kwenye kigoda, mkono umefungwa kifuani, na mjomba akamwekea mapajani ile penseli na fungu la maboksi yaliyokatwa, maumbo yote ya masikio yote. Aika aliyatazama, akaanza kuyapanga kwa mkono mmoja kama karata. Mama Ebenezeri alisimama mlangoni na kitambaa.

"Lucky, njoo," mjomba alisema.

Nilikwenda.

"Wewe unapenda michezo. Nimekuwekea kitu cha mchezo." Alikuwa ameshika sumaku kwa kamba yake. "Ichukue uwaonyeshe wenzako bwenini. Wewe tu ndiye hujanikimbia mwezi huu. Siku zote mbili ulikuja ukapiga magoti na mimi."

Nilinyoosha mikono miwili. Sumaku haikufika mikononi. Ilipopita karibu na kiuno changu ilikata kona, ikaenda yenyewe, ikagota kwenye mfuko wa suruali, tak, ikabaki imening'inia pale na kamba yake.

Hakuna aliyecheka. Mimi mwenyewe, kwa mazoea, nilitabasamu.

"Ni sarafu, mjomba."

Mjomba aliinama. Aliweka kidole chake juu ya kitambaa cha mfuko, akakitembeza polepole, kama alivyokuwa anakitembeza kwenye ukingo wa kila sikio kabla ya kuligonga muhuri.

"Sarafu haina matundu mawili," alisema.

Nilitoa. Ilibidi nivute kwa nguvu, lilikuwa limeng'ang'ania sumaku. Rangi ya fedha ilikuwa imebanduka kidogo pembeni, na chini yake chuma kilikuwa kimeanza kutu kwa jasho langu. Mjomba alilisoma. Arobaini na saba. A. Alilipima kiganjani, juu, chini, na niliona uzito ukimweleza kila kitu kabla yangu.

Jani lilikuwa hapo hapo. Ningenyoosha mkono wa kushoto tu ningelifikia, na lilikuwa zuri, refu, halina doa. Mjomba aliona macho yangu yalikokwenda.

"Hapana," alisema. "Leo useme."

Nikasema. Sikuwa na mwandiko wa kujificha nyuma yake. Nilisema kuhusu siku nne za Marangu, bapa la chuma, rangi, droo na mihuri. Nilisema nilitaka Aika ashinde, na papo hapo nikasema kwamba hiyo ni nusu tu, nusu nyingine nilitaka nisimame mezani nipigiwe makofi. Nilisema nilimwona akipekua majani nikiwa nalo mfukoni. Aika aliacha kupanga maboksi.

"Na pale kwenye kona?" aliuliza Aika. "Ulilitoa saa ngapi?"

Hapo juu nimeandika kwamba nilitupa baiskeli ya jirani nikamkimbilia Aika. Naomba msomaji alifute sentensi hiyo.

"Kwanza," nilisema. "Kabla sijaja kwako. Nilisikia unalia, nikajua uko hai, nikafungua skrubu kwanza."

"Nilikuona," Aika alisema. "Ulikuwa umeinama pale muda mrefu. Nilidhani unaililia baiskeli ya kaka."

Mama Ebenezeri aliingia ndani. Tulimsikia akivuta kiti.

Mjomba alimtoa pacha kwenye mfuko wa shati lake la Jumapili. Alikuwa akitembea naye siku zote hizo, kama mimi na langu. Alimweka kwenye turubai kando ya sikio langu, kipande kilichovunjika na kizima, namba ile ile, herufi A kwenye kizima tu. Kisha aliitazama mikono yake kama mtu aliyerudishiwa kitu chake.

"Huyu alikufa kopo la kumi na moja," alisema. "Ndugu yake yuko wapi?"

"Yuko kwenye sanduku langu la shule, mjomba. Kwenye soksi. Hajawahi kufungwa kwenye baiskeli. Hana kosa lolote. Ni langu ambalo sikulikatia pacha."